Prosesa mpya, skrini ya bluu kila siku: mbovu ni prosesa au RAM za 6000?

Nuru_64

Wakuu, naomba msaada kabla sijairudisha prosesa.

Kompyuta ina wiki mbili. Prosesa ni ya kora 8, soketi ya AM5. RAM ni stiki nne za GB 16, yaani paketi mbili zinazofanana za stiki mbili mbili. Boksi linasema DDR5-6000, CL30, volti 1.35. EXPO (mpangilio wa BIOS unaoendesha RAM kwa kasi ya kwenye boksi) iko ON tangu siku ya kwanza.

Dalili: brauza inajifunga yenyewe. Skrini ya bluu inakuja mara moja au mbili kwa siku na kila mara ina jina lake, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Faili kubwa za zip zinagoma kufunguka, zinalalamikia CRC (ukaguzi wa kama data ni sahihi). Halafu kuna nyakati inajiwasha upya ikiwa imetulia tu, hakuna programu nzito inayofanya kazi. Event Viewer (rekodi ya matukio ya Windows) inaonyesha Kernel-Power 41 na mara chache WHEA-Logger 18 (ripoti ya kosa la kifaa).

Nimeendesha Prime95 (programu ya kuipa prosesa mzigo mzito) kwa Small FFTs saa nzima, imepita, joto nyuzi 76. Kuna aliyenishauri nipandishe volti ya SoC hadi 1.4. Nifanyeje?

FundiKumi

Mkuu, hiyo SoC usiiguse kabisa. Mwaka 2023 kuna prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua zikiwa ndani ya soketi, na AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Volti ya SoC ndiyo inayolisha kontrola ya RAM, na kontrola hiyo imo ndani ya prosesa, haiko kwenye madabodi. Ukiichoma umechoma prosesa nzima.

Sasa tuje kwenye tatizo. EXPO ni ovakloki, yaani kuendesha kifaa kupita kasi yake rasmi, hata kama unaiwasha kwa kubofya mara moja. Kiwango rasmi cha Ryzen 7000 ni 5200 kwa stiki mbili na 3600 kwa stiki nne. Ryzen 9000 ni 5600 kwa mbili, na kwa nne ni 3600 ileile. Wewe una stiki nne kwenye 6000. Maandishi ya boksi yanahusu paketi moja, stiki mbili zilizopimwa pamoja kiwandani. Hakuna aliyepima paketi yako ya kwanza ikiwa na ya pili.

Sababu yake ni hii. Kila chaneli ina sloti mbili zinazotumia njia moja ya shaba kwenye madabodi. Ukijaza sloti zote mbili, signali inabeba mzigo wa stiki mbili na inarudishiwa mwangwi na stiki ya pili. Kwenye 3600 mwangwi unapata muda wa kutulia kabla biti inayofuata haijasomwa. Kwenye 6000 muda huo haupo, na 0 inaweza kusomwa kama 1. Ndiyo maana majina ya skrini ya bluu yanabadilika: biti iliyogeuka ikiangukia ndani ya draiva unapata jina hili, ikiangukia kwenye majedwali ya kumbukumbu unapata lile, ikiangukia kwenye zip unapata CRC.

Fanya kwa mpangilio huu, usiruke hatua:

1. Ingia BIOS, chagua Load Optimized Defaults, hifadhi. EXPO izimike, na kila ulichobadilisha kwa mkono kirudi kama kilivyokuwa.
2. Ikiwa katika hali hiyo ya kawaida, sasisha BIOS. Usisasishe EXPO ikiwa ON, kwa sababu faili la BIOS linapita kwenye RAM kabla ya kuandikwa kwenye chipu. Biti moja ikigeuka hapo, madabodi inaweza isiwake tena.
3. Weka MemTest86 kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, acha imalize pasi 4. Kwa GB 64 ni saa nyingi, iache usiku. Kipimo ni makosa sifuri. Kosa moja tu ni kufeli.

Baada ya kurudisha mipangilio au kubadilisha stiki, kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa, taa ya DRAM kwenye madabodi ikiwa imewaka na feni zikizunguka. Hapo inafanya treni ya kumbukumbu (memory training), yaani inajaribu ucheleweshaji wa kila mstari wa data. Stiki nne zinachukua muda mrefu zaidi. Wengi huona giza hilo, wakachomoa waya wa umeme, wakaanza upya, kisha wakasema madabodi imekufa. Ipe hata robo saa.

Mkondo_V

Naongezea mambo mawili, maana hiyo ya kujiwasha upya ikiwa imetulia hainikai sawa na RAM peke yake.

Kwanza, Small FFTs haikupima RAM. Data yake inatosha ndani ya kashe ya prosesa, RAM haiguswi karibu kabisa. Ilichokuambia ni kwamba kora zote nane zinahimili joto na mzigo mkubwa, basi. Ukitaka RAM na kontrola viguswe, tumia Large FFTs, au programu za TestMem5, au y-cruncher kwenye majaribio ya FFT na VT3.

Pili, Kernel-Power 41 haikuambii chochote zaidi ya kwamba kompyuta ilizimika bila utaratibu. WHEA 18 ndiyo ya kusoma. Ifungue, uangalie mistari miwili: aina ya kosa, na Processor APIC ID. Ikiwa ni Cache Hierarchy Error na ID haibadiliki, kuna kora moja inayodhoofika. ID zikirukaruka, rudi kwenye RAM na SoC.

Swali: umegusa Curve Optimizer, ile ya BIOS inayopunguza volti ya kora?

Nuru_64

Ndiyo mkuu, niliweka −30 kwa kora zote, ili joto lipungue. Sikuitaja kwa sababu Prime95 ilipita. WHEA zote nne ni Cache Hierarchy Error, ID ni 6 mara tatu na 7 mara moja.

Mkondo_V

Basi una makosa mawili yaliyopandana, na ndiyo maana kila ulichojaribu kilionekana hakisaidii.

Kila kora ina nyuzi mbili, kwa hiyo ID 0 na 1 ni kora 0, na 6 na 7 ni kora 3. Hiyo ndiyo isiyovumilia −30. Curve Optimizer inapunguza volti inayotolewa kwa kila kasi. Kora zote nane zikifanya kazi pamoja, kasi inashuka kwa ajili ya umeme na joto, na pale volti iliyobaki inatosha. Kora moja ikiamka peke yake kufungua ukurasa wa intaneti, inaruka hadi kasi yake ya juu kabisa kwa sekunde chache, na hapo ndipo −30 inapomwangusha mtu. Mzigo mzito unapita, kazi nyepesi inaangusha. Watu wengi hawaamini mpaka waone.

Tumia CoreCycler. Inapima kora moja moja na kukutajia iliyofeli. Lakini RAM ibaki kwenye hali ya kawaida wakati huo, usichanganye majaribio. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Stiki_A2

MemTest86 ikitoa makosa hata EXPO ikiwa OFF, hapo ndipo utafute kifaa kibovu. Toa stiki zote, bakiza moja kwenye A2, sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Pima, badilisha, pima. Kosa likimfuata stiki kila sloti unayomweka, stiki ni mbovu. Kosa likibaki kwenye sloti hata ukibadilisha stiki, shuku madabodi, mkao wa prosesa, au kontrola. Kwenye AM5 pini ziko upande wa soketi, kwa hiyo inua prosesa, mulika tochi kwa pembeni uangalie kama kuna pini iliyolala kinyume na wenzake. Pini moja iliyopinda inaweza kupoteza chaneli nzima. Kagua pia skrubu za kipoza, zikazwe kwa usawa na kwa msalaba.

Joto la RAM nalo lisisahaulike. DDR5 ina kihisi chake, programu ya HWiNFO inakionyesha. Stiki nne zilizobanana juu ya kadi ya picha inayotoa hewa ya moto zinaweza kupita jaribio zikiwa baridi na kufeli baada ya dakika arobaini za gemu. Kwa taimingi (muda wa kusubiri wa RAM) zilizobanwa, makosa mara nyingi huanza nyuzi 50 na kitu.

FundiKumi

Jambo linaloniumiza zaidi ni data yako, si kompyuta kujizima. Wiki mbili nzima kila ulichonakili kimepita kwenye RAM inayogeuza biti. Na usitegemee ile ECC (urekebishaji wa makosa) iliyo ndani ya chipu za DDR5. Inarekebisha makosa ya ndani ya chipu yenyewe. Njia kati ya stiki na prosesa hailindi, na kosa lako liko njiani.

Kwa hiyo usifute bakapu ya zamani, wala usiiandike juu kwa faili za sasa. Kompyuta ikishatulia, fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, kisha `sfc /scannow`. Picha na nyaraka ulizohamisha kwenye kipindi hicho zilinganishe na chanzo: `certutil -hashfile jina_la_faili SHA256` kwa nakala zote mbili. Herufi zikitofautiana hata moja, nakili upya kutoka kwenye chanzo. Windows iliyosakinishwa EXPO ikiwa ON na RAM ikikosea, mimi ningeifuta na kuisakinisha upya.

Nuru_64

Majibu. Hali ya kawaida, BIOS mpya, stiki nne: pasi 4, makosa sifuri. Stiki mbili tu, A2 na B2, EXPO 6000: sifuri, TestMem5 imepita. Stiki nne na EXPO 6000: makosa 11 kabla pasi ya kwanza haijaisha. Curve Optimizer ikiwa 0, CoreCycler imepita usiku mzima na WHEA hakuna. Kwa hiyo prosesa ni nzima. Ila GB 64 nazihitaji.

Stiki_A2

Njia safi ni paketi moja ya stiki mbili za GB 32. Kabla ya kununua, tafuta namba kamili ya paketi hiyo kwenye orodha ya RAM zilizopimwa na watengenezaji wa madabodi yako.

Ukibaki na nne, anza 4800 kwa mkono, UCLK (kasi ya kontrola ya RAM) iwe sawa na MCLK (kasi ya RAM), kisha panda 5200, kisha 5600, kila hatua ikipimwa usiku mzima. Ikifeli, shuka hatua moja ubaki hapo. Usifukuzie 6000 kwa kuongeza volti. Memory Context Restore izime kipindi chote cha majaribio, ili ifanye treni upya kila inapowaka. La sivyo unaweza kupima matokeo ya treni ya zamani.

Mkondo_V

Kwenye Curve Optimizer chagua Per Core, si All Core. Kora 3 ianze −5, nyingine −15, kisha CoreCycler. Inayofeli irudishie hatua 3 kuelekea sifuri, upime tena.

Kwa anayesoma hapa akiwa na Intel ya kizazi cha 13 au 14, hesabu zake ni tofauti. Zile za mezani za wati 65 au zaidi zinaweza kuwa zimechakaa kweli kwa volti kubwa, na dalili mojawapo ni gemu kusema kumbukumbu ya video imeisha wakati kadi ina nafasi tele. Sasisha BIOS yenye maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) ya 0x12B au mpya zaidi. Maikrokodi inazuia uharibifu, haiponyi uliokwisha kutokea. Prosesa ikiendelea kuanguka XMP (EXPO ya upande wa Intel) ikiwa OFF, idai dhamana, Intel imeongeza miaka 2 kwa modeli zilizoathirika.