Sura ya wastani ya kila nchi: sayansi au uzushi?

Rungwe Juu: Wadau, zile picha zimerudi tena kwenye magrupu. Msururu wa wanawake, kila mmoja kaandikiwa nchi yake, eti kompyuta imechanganya sura za watu wengi ikatoa sura moja ya taifa zima. Tuziamini? Mimi nasema hapana. Hatujaambiwa wamechukua picha za nani, wangapi, wala wamezitoa wapi. Afrika Magharibi yote imepewa uso mmoja!

Binti Pwani: Na mbona wote warembo? Hakuna hata mwenye kovu.

Fundi Picha: Ni hesabu tu hiyo, dada. Unaweka alama kwenye pembe za macho, ncha ya pua, midomo na taya. Programu nyingi zinatumia alama 68. Uso unagawanywa pembetatu pembetatu, kila pembetatu inavutwa ikae sawa na ya mwenzake, halafu rangi zinajumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya watu. Kovu la mmoja likigawanywa kwa watu 32 halionekani tena. Wanasaikolojia Langlois na Roggman walilionyesha hilo Marekani mwaka 1990: sura iliyochanganywa ilipendwa kuliko sura nyingi zilizoizaa. Kwa hiyo uzuri ni wastani.

Mzee wa Hoja: Malizia basi. Mwaka 1994 mtafiti Perrett na wenzake walichanganya sura zilizopendwa zaidi peke yake, na mchanganyiko huo ukaushinda ule wa watu wote. Wastani na uzuri ni vitu viwili. Halafu aliyeanzisha mchezo huu ni mwanasayansi Galton, Uingereza, miaka ya 1870. Alizipiga picha za wafungwa moja juu ya nyingine kwenye kioo kimoja cha kamera akitafuta sura ya mhalifu, akapata mtu wa kawaida kabisa. Badala ya kuachana na wazo hilo, akaendelea na nadharia yake ya kuzalisha watu bora. Ndiyo maana sipendi kuona taifa limepewa uso. Na nyie wa studio msitufundishe habari za uso halisi! Binti yangu alikwenda kupiga pasipoti saizi, akarudi mweupe kama chaki.

Fundi Picha: Mzee, hapo umenigusa pabaya. Wateja wenyewe ndio wanaoomba. Anakaa kwenye kiti, kabla sijawasha taa ananiambia "ning'arishe kidogo". Nikikataa, anavuka barabara kwa mwenzangu. Nina familia.

Mkaazi wa Berlin: Huku Ujerumani hilo la picha kuguswa limefika kwenye sheria. Mwaka 2018 wanaharakati walichanganya sura ya mwenzao na ya Mogherini, aliyekuwa mkuu wa mambo ya nje wa Umoja wa Ulaya, wakaipeleka, na ofisi ikatoa pasipoti halali kabisa. Hebu fikirieni: kitabu kimoja, watu wawili wanaweza kupita nacho. Tangu Mei 2025 picha ya karatasi haipokelewi tena. Nyumbani nako nashauri ipigwe ofisini tu, mbele ya afisa.

Fundi Picha: Yaani mnataka tufe njaa kwa kosa la Wajerumani? Tena huko huko studio zilizosajiliwa zinaruhusiwa, zinatuma picha moja kwa moja kwa njia salama. Hilo mbona umelificha?

Mkaazi wa Berlin: Sijaficha kitu, ndugu. Umesema mwenyewe: zilizosajiliwa.

Binti Pwani: Na kamera ya ofisini nani kasema ni ya haki? Watafiti Buolamwini na Gebru walipima programu za kuchambua sura mwaka 2018. Kwa wanawake weusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8.

Mzee wa Hoja: Hayo yalikuwa makosa ya kutambua jinsia, mwanangu, hayahusu pasipoti.

Binti Pwani: Shikamoo mzee, lakini mashine isiyojua kwamba mimi ni mwanamke itanijuaje kwamba ni mimi?

Rungwe Juu: Jamani, mimi niliuliza kuhusu picha za nchi. Nani amezitengeneza, na kwa picha za nani?

Fundi Picha: Subiri kwanza, Rungwe. Mzee, mlete binti. Nitampiga upya bila kugusa rangi, bure.

Mzee wa Hoja: Sihitaji cha bure, nilishalipa. Nataka unijibu: mtoto hakuomba kung'arishwa, mimi sikuomba. Nani aliamua?