Saa mbili za jioni maktabani: wapewe mabibi wa kisomo au kidato cha nne?

MTAMBWE ASILI
Assalaamu alaykum jamani. Nalileta hili kwenu kwa sababu kamati yetu imekwama, na Jumapili tunakaa tena. Shehia yetu huku Pemba tuna maktaba ndogo ya vyumba viwili, mawe yake tuliyabeba wenyewe. Mchana wanaingia watoto. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku tatu kwa wiki, ni darasa la kisomo, la watu wazima kujifunza kusoma na kuandika: wanawake 17 na wazee wanaume watatu, wanasomeshwa na vijana wanne wa kujitolea. Sasa wazazi wamekuja juu. Wanataka saa hizo wapewe watoto wa kidato cha nne, maana mitihani yao ni Novemba na majumbani hakusomeki kwa kelele. Kisomo kihamie nje, chini ya mwembe. Wengine tunasema mvua za vuli zikianza, chini ya mwembe hapana darasa tena. Nyinyi mngeamuaje?

BABA WA WATATU
Mimi sioni la kujadili. Baraza la Mitihani halimsubiri mtu. Mwanangu akifeli Novemba ndiyo basi, mlango umefungwa. Bibi wa miaka 60 akijua a e i o u mwaka huu au mwakani, kinaharibika kipi? Tuambiane ukweli, mabibi hawa ni mbumbumbu tangu kuzaliwa kwao na wameishi, wamezaa, wamelea. Watoto kwanza.

BINT JAMBIANI
Mbumbumbu nani? Rudi ukakisome ulichokiandika. Bibi yangu mzaa mama alihitimu Qur'ani kabla hajavunja ungo. Skuli hakuikanyaga hata siku moja. Alikuwa akishika upatu wa wanawake 11, na daftari lake ninalo mimi mpaka leo, kingo zake zimeingia mafuta ya nazi. Majina yote kayaandika kwa khati ya Kiarabu. Mbele ya kila jina pana kijistari kwa kila mwezi uliolipwa, na kiduara kwa aliyekwisha kupokea. Miaka yote ile hapakutokea ugomvi wa hata shilingi moja. Huyo ndiye mbumbumbu wako?

BABA WA WATATU
Dada, bibi yako sikumtaja na simjui. Nimesema wale ambao hawajui kusoma. Na kuisoma Qur'ani bila ya kujua maana, mimi siiti kusoma, naita kukariri.

USTADH WA KENGEJA
Taratibu hapo ndugu yangu. Aliyekariri, mfunulie msahafu ukurasa asiouzoea, atanyamaza. Hawa wanafunua popote wanasoma. Herufi wanazijua, irabu wanazijua, kuunganisha wanajua. Tena khati hiyo haikuwa ya Qur'ani tu. Watu wa mwambao huu waliandikiana barua kwa Kiswahili kwa khati hiyo, wakaandikiana madeni na hati za mashamba, kabla Muingereza hajaleta herufi zake skulini. Nenda pale Nyaraka za Taifa, Kilimani, uombe uoneshwe makaratasi ya zamani. Halafu urudi utuambie wazee wako walikuwa hawajui kusoma.

MWALIMU MSTAAFU
Ustadh nakuunga mkono, lakini tusiipambe kupita kiasi. Khati ile kwa Kiswahili ilikuwa na taabu zake. Kiarabu hakina P, kwa hiyo wengi waliandika B, na "pata" na "bata" zikawa neno moja kwenye karatasi. Na alama za irabu, kasra ile ile ni I na ni E, dhamma ile ile ni U na ni O. Msomaji akifahamu kwa mwendo wa maneno. Baadaye watu waliongeza nukta tatu kwa P na kwa CH, lakini kila mwandishi na utaratibu wake. Mwaka 1928 Mombasa kilipochaguliwa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, vitabu vilikuwa vya herufi za Kirumi. Lahaja yetu waliichukua, khati yetu wakaiacha.

MKOJANI
Lahaja yenu nyinyi watu wa mjini, mwalimu. Sisi Pemba hawakuchukua kitu chetu. Mama yangu akifungua kitabu cha kisomo husema "haya maneno ya redioni." Anayafahamu, lakini haongei hivyo, na mwanamke wa Makunduchi, kusini ya Unguja, pia haongei hivyo. Anasoma huku anatafsiri. Nani kalifikiria hilo?

MWALIMU MSTAAFU
Kweli. Nimeteleza, uniwie radhi. Kiunguja cha mjini.

MWANA WA NG'AMBO
Mimi nina jambo mnaliruka nyote. Mnasema kusoma, kusoma. Kuandika je? Bibi wa Bint Jambiani ana bahati kwamba alijua kuandika. Wanawake wengi kwenye chuo cha Qur'ani walifunzwa kusoma, na kalamu wakanyimwa. Mchukulieni Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa kasri ya Mtoni 1844. Mtoto wa mfalme! Kusoma alifunzwa, kuandika hakufunzwa kwa kuwa ni mwanamke. Akajifunza mwenyewe kwa siri, ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 Barghash, kaka yake Salme, alipotaka kumpindua kaka yao Sultani Majid, barua zao za siri aliziandika nani? Salme, ana miaka 15. Ndiyo maana wakubwa hawakutaka wanawake washike kalamu. Mwanamke anayesoma hupokea maneno ya watu. Akijua kuandika, hutoa yake. Kwa hiyo hao 17 wa Mtambwe msiwahesabie a e i o u.

BINT JAMBIANI
Ahsante sana mwenzangu. Bibi yangu naye alisema kuandika alifunzwa na kaka yake jikoni, usiku, baba yao kalala.

KIJANA WA CHOKOCHO
Nami niseme kwa sababu kazi hii naifanya. Namaliza mwaka wa pili wa kujitolea kwenye darasa la kisomo. Siku ya kwanza niliwapa vitabu vya darasa la kwanza, picha ya paka na neno "paka". Bi mkubwa mmoja akakifunga kitabu akakiweka chini taratibu, akaniambia, "Mwanangu, paka namjua." Niliona haya mpaka leo naona haya. Nikawauliza wanataka nini. Mmoja anataka kuisoma mizani ya mwani mwenyewe, kwa sababu anayepima ndiye anayemtajia kilo. Mwengine anataka aweke namba yake ya siri ya simu kwa mkono wake, amechoka kumtajia wakala mbele ya foleni. Mwengine anataka kujua dawa ya mjukuu inanywewa mara ngapi. Nikaacha kitabu, nikaanza na hayo. Namba walizishika kwa wiki mbili.

Na wale waliosoma chuoni, Ustadh kasema kweli, hawaanzi sifuri hata kidogo. Unamwambia hii B ndiyo be, na hii M ndiyo mimu. Kinachowasumbua ni kwamba huku tunaanzia kushoto. Siku za mwanzo mkono unaanzia kulia wenyewe.

MPIGA SUMU
Hongera zako kijana, lakini wewe ni mmoja. Mimi nimeona madarasa haya tangu mtoto. Vijana wanajitolea miezi mitatu, ikija nafasi hotelini Nungwi hao wamekwenda, anakuja mwengine anaanza tena ukurasa wa kwanza. Shangazi yangu kasoma ukurasa wa kwanza mara nne na walimu wanne. Siku hizi akiitwa haendi. Huko ni kumchezea mtu mzima.

KIJANA WA CHOKOCHO
Mpiga Sumu, umenichoma. Unajua nauli natoa mfukoni? Chaki nanunua mimi. Mama ananiuliza kila jioni nitaoa lini kwa kazi isiyo na mshahara. Aliyekwenda Nungwi usimlaumu, ana wadogo zake wa kulisha. Semeni serikali au kamati watoe posho, hata ya nauli tu, muone kama walimu watakimbia.

MPIGA SUMU
Sikukulaumu wewe. Nimelaumu mpango. Lakini ukishalipwa hukujitolea tena, ni kazi, na kazi ina mkuu wake na daftari la mahudhurio. Mko tayari?

KIJANA WA CHOKOCHO
Mimi niko tayari kesho.

MZEE WA BARZA
Zamani watu walisomeshana bure nchi nzima. Nyerere alitangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima, na kila aliyejua alimfunza asiyejua. Posho ya nini?

MWALIMU MSTAAFU
Mzee wangu, kwa heshima, ule ulikuwa mpango wa Bara. Elimu ya skuli na kisomo si mambo ya Muungano, sisi tuna wizara yetu. Kwetu tarehe tunayoikumbuka ni 23 Septemba 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo. Na hata huko Bara mambo hayakwenda kwa moyo peke yake. Kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, ilikuwa na redio, vitabu na viongozi wa vikundi waliofunzwa kwanza, na watu kama milioni mbili wakakaa vikundi kusikiliza. Ilikuwa na fedha na utaratibu. Mtambwe Asili, hapa kwetu ipo Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima. Andikeni barua kupitia kwa sheha, mtaje idadi ya wanafunzi na walimu. Msikae kimya halafu mkagombane wenyewe kwa wenyewe juu ya chumba.

MTAMBWE ASILI
Ahsante mwalimu, barua tutaandika. Lakini jamani, chumba. Jumapili ni keshokutwa.

BABA WA WATATU
Nimesoma yote. Mnaniandama kama mimi adui wa wazee. Sasa niwaambie kitu ambacho sijapata kukisema mbele za watu. Mama yangu alikodisha mikarafuu yake 14, msimu mmoja, ndivyo alivyoambiwa. Aliletewa karatasi barazani, akatiwa wino, akaweka dole gumba. Karatasi ilikuwa imeandikwa misimu mitatu. Mwaka wa pili alipokwenda na pakacha lake kuchuma alifukuzwa kwenye miti aliyoipanda baba yake. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilikuwepo pale barazani siku ile, nilijua kusoma, na hakuna aliyeniambia nisome. Nikakaa kimya kwa sababu wakubwa wanazungumza. Kwa hiyo nikisema mwanangu asome kwanza, najua ninachokisema. Neno mbumbumbu nimelikosea. Mama yangu si mbumbumbu.

BINT JAMBIANI
Pole sana kaka yangu. Na mimi nilikujia kwa hasira. Lakini hebu nikuulize kwa upole, siku ile barazani nani aliyehitaji kusoma? Wewe ulishajua na haikusaidia kitu. Aliyewekewa karatasi ni yeye.

MKOJANI
Hapo umegusa penyewe.

BABA WA WATATU
Sina jibu la hilo. Nimelifikiria tangu adhuhuri.

KIJANA WA CHOKOCHO
Kaka, mama yupo hai?

BABA WA WATATU
Yupo, alhamdulillah. Miaka 71, tunakaa naye hapa Mkoani. Nilishamwambia aende kisomo akasema macho yamekwisha, haoni.

KIJANA WA CHOKOCHO
Haoni mbali au haoni karibu? Maana darasani kwangu tulikuwa na mwanamke tunamwona mzito, miezi mitano hajui kutofautisha n na m. Siku moja nikamwona anasogeza daftari mbali mpaka mkono umenyooka. Nikamvalisha miwani ya baba yangu ya kusomea, ile ya kununua dukani tu. Alisoma mstari mzima, akanyamaza, akaanza kulia. Kumbe sisi ndio tulikuwa wazito. Mtu akivuka miaka 40 karibu kunaanza kumtoka, na sisi tunamwekea maandishi madogo, jioni, taa moja. Ndiyo maana nasema chini ya mwembe siafiki kabisa. Saa kumi na moja unusu kivuli kimeshaingia, macho yale hayaoni kitu. Watoto wa kidato cha nne ndio wenye macho ya kusomea nje.

MPIGA SUMU
Hili la macho sikuwahi kulisikia. Shangazi yangu naye husogeza simu mbali hivyo hivyo.

MWANA WA NG'AMBO
Vyumba si viwili? Kimoja kisomo, kimoja kidato cha nne, na hao watoto wawili watatu wakimaliza zoezi lao wavuke mlango wawasaidie bibi zao. Kelele za mabibi hazimfelishi mtu.

MTAMBWE ASILI
Chumba cha pili kina makabati na mashine mbovu ya kuchapisha iliyoletwa na wafadhili, haijapata kufanya kazi. Hakuna aliyethubutu kuitoa kwa sababu ni ya msaada.

USTADH WA KENGEJA
Itoeni. Wakiuliza, mimi nitawajibu.

BABA WA WATATU
Kijana wa Chokocho, umeniuliza na sikukujibu. Karibu ndiko hakuoni. Boti ikitokea Unguja yeye ndiye wa mwanzo kuiona kutoka barazani, kabla hata haijaingia bandarini, anatuambia leo imejaa au haikujaa. Lakini uzi kwenye sindano namtilia mimi, mwaka wa kumi huu.

KIJANA WA CHOKOCHO
Basi usimwambie kitu cha darasa kwanza. Alhamisi ninakuja Mkoani na gari ya asubuhi, nitachukua miwani mitatu ya nguvu mbali mbali. Tafuta sindano na uzi mweusi, uweke kwenye kisahani. Tuanzie hapo.