Mrejesho: lori kuvuta kushoto na kugonga mbele

Wakuu, lile lori kuukuu lililokuwa linavuta kushoto na kugonga kila likiingia shimoni limetulia. Pini ya springi ya mbele kushoto, ile inayoshika ncha ya springi, ililika upande mmoja. Tundu lake la grisi lilizibwa na grisi iliyokauka, ndiyo maana bushi, yaani bomba dogo ambamo pini hukaa, ikasagika. Senta bolti, inayobana majani ya springi katikati na kuweka ekseli (mhimili wa magurudumu) mahali pake, nayo ilikatika, ekseli ikarudi nyuma kidogo upande huo. Hapo ndipo mvuto ulipotokea.

Pini, bushi na shakeli (viungo vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi) zimebadilishwa pande zote mbili. Yu-bolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, za zamani zikishavutika hazishiki tena. Zikazwe kwa msalaba, hatua kwa hatua, uzito ukiwa juu ya magurudumu, kisha zirudiwe kukazwa baada ya kubeba mzigo. Shokapu, ambazo wengi hukimbilia kwanza, zilikuwa nzima.