Msaada: ESP8266 inasema imezima pampu, pampu inaendelea kunguruma

Kisima_Kirefu: Wakuu, habari za jioni. Nimejitengenezea mfumo wa tenki: ESP8266 (kibodi kidogo chenye Wi-Fi), sensa ya kupima kina na relay ya pampu, yaani swichi ndogo inayoamrishwa na bodi. Tenki likijaa napata ujumbe Telegram. Nyumbani nina Wi-Fi ya 5GHz, iko vizuri. Shida ni kwamba ujumbe unasema imezima, ila pampu haizimi, maji yanamwagika hadi uani. Programu nimeipitia, haina kosa. Silali.

FundiWaKona: Relay gani? Pampu HP ngapi?

mama_wawili: Si uweke boya tu? Shemeji yangu alijifanya mtundu hivyo hivyo na geti. Umeme ukakatika, tukabaki nje na watoto na futari yetu mkononi.

Nondo_Mbili: Sensa kama ni JSN-SR04T, ile inayopima kwa mawimbi ya sauti, iweke juu kidogo. Maji yakiikaribia chini ya sentimita 20 hivi, inaongopa.

Kisima_Kirefu: Relay ile ya bluu ya kawaida.

FundiWaKona: Nimeuliza HP.

Kisima_Kirefu: Moja na nusu. Lakini relay imeandikwa 10A, nimepiga hesabu inatosha.

FundiWaKona: Inatosha ikishazunguka. Mota ikiamka inavuta mara tano au zaidi, cheche zinapiga, ncha za ndani zinagandana. Taa ya relay inazima, umeme unapita. Zima swichi kuu, chomoa nyaya za pampu, weka mita upande wa mlio, gusa COM na NO, yale matundu mawili ya relay yanayopitisha umeme wa pampu. Ikilia, zimegandana. Funga kontakta, swichi kubwa ya kubeba mota: relay iamrishe kontakta, kontakta ndiyo ibebe pampu.

Kisima_Kirefu: Kontakta itaonekana.

Nondo_Mbili: Na nani?

Kisima_Kirefu: Pampu ni ya mwenye nyumba. Tuko wapangaji wanne, maji yanatoka usiku wa manane, na ufunguo wa kibanda anao wa chumba cha mbele. Anajaza mapipa yake, anazima, anaenda kulala. Mimi sijaiba, luku nachangia kama wengine.

Babu_Mpole: Kijana, mali ya mtu haiguswi kimyakimya. Mota ikiungua utainunua wewe, na chumba utahama.

kachumbari_kali: Chai hii, tena haina hata tangawizi. ESP8266 haioni 5GHz, inashika 2.4 tu. Uliiungaje?

Kisima_Kirefu: Ruta inatoa zote mbili. 5GHz ni ya simu, bodi iko kwenye 2.4.

kachumbari_kali: Haya. Na ufunguo huna, kibandani uliingiaje?

Kisima_Kirefu: Dirisha halina nondo.

Nondo_Mbili: Mnanitaja?

mama_wawili: 😂😂 Boya lingekuwa limeshafungwa jamani.

FundiWaKona: Usiendelee kuitumia hivyo, relay ikipata moto kibanda kinaungua. Mwambie mwenye nyumba, kontakta ifungwe mchana, fundi umeme akiwepo.

Kisima_Kirefu: Sawa mkuu, nitamwambia. Ila hizo kontakta, hakuna ndogo ndogo?