Chanuo gani linafaa nywele ndefu za natural? Zangu zinakatika sana

mama_nasra
Hamjambo wapendwa, naombeni ushauri. Nina nywele za natural, nikizivuta zinafika kwenye kamba ya sidiria kwa nyuma ila zikikauka zinajikunja zinaishia shingoni, ni nyingi halafu kipilipili haswa. Shida ni siku ya kufumua na kuosha, nikianza tu kuchana nasikia ta ta ta, chanuo likitoka limejaa nywele. Natumia lile la plastiki jeusi la kawaida, meno yake si mapana si membamba. Saluni wameniambia ninunue brashi, jirani yangu hapa Tabata anasema la mti ndo kiboko, nikienda dukani nakuta ya kila aina nachanganyikiwa. Dawa ya kulainisha nywele sirudii na kuzikata sitaki, nimezilea hizi nywele jamani. Nichukue lipi? Na binti yangu wa miaka minne ana nywele hizihizi, kila nikimchana ni kilio, natamani azifurahie kabla hajaanza shule wakamnyoa.

msusi_sinza
Pole dada. Mi nasuka, vichwa vya namna hiyo ndo nashika kila siku. Hilo la meno ya katikati liweke pembeni, chukua la meno mapana kabisa, yaani penseli ipite kati ya jino na jino. Nywele zetu zimejikunja toka kwenye ngozi mpaka ncha na kila zinapopinda ndo panakuwa dhaifu, sasa meno yakibanana yanakamata mafundo mengi kwa mpigo mmoja, ukivuta lazima kitu kikatike.

Ila kuna kitu watu hawaangalii kabisa, mshono. Machanuo mengi ya plastiki yanamiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, pale vipande vinapokutana panabaki kaukingo kembamba ubavuni mwa kila jino. Pitisha kucha ya kidole gumba ndani ya meno kuanzia kwenye shina mpaka ncha, ukisikia kanakwaruza rudisha hilo chanuo, hako ndo kanakwangua nywele kila ukichana. Nenda Kariakoo mtaa wa Congo utakuta mawili yanafanana rangi mpaka bei, moja laini jingine linakwaruza, kwa hiyo usinunue lililofungwa kwenye nailoni ukashindwa kuligusa. Angalia na ncha za meno, ziwe za duara zisimchome mtoto.

afro_kigamboni
Chukua la mti dada. Langu la mpingo nimelitoa kwa wachongaji pale Mwenge, zito, limepigwa msasa vizuri hakuna cha mshono wala nini. Plastiki siigusi tena

bi_mkubwa_ilala
La mti zuri sikatai, ila siku ya kuosha msilitie kwenye maji wanangu. Mti ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, halafu ule ufa ndo unadaka nywele. La mti liwe la kupitishia mafuta na kunyooshea nywele kavu kidogokidogo, la kuoshea liwe la plastiki nene.

Na wewe mama Nasra hujasema unachana zikiwa kavu au zimelowa, maana hilo ni kubwa kuliko chanuo lenyewe. Kipilipili chenye mafundo hakichanwi kikavu. Gawa kichwa mafungu manne, bana matatu, lile moja lilowanishe na upake kondishena mpaka nywele ziteleze, halafu anza na vidole, fundo ulifungue kwa vidole kwanza. Ndo uingize chanuo, uanzie kwenye ncha, ukimaliza ncha panda juu kidogo, panda tena, shina liwe la mwisho. Mkono mwingine ushike nywele juu ya pale unapochana ili mvuto usifike kwenye ngozi. Mtoto halii kwa sababu ya chanuo, analia kwa kuvutwa ngozi ya kichwa.

Kingine maji. Kama unaoshea maji ya kisima yenye chumvi, yale ambayo sabuni haitoi povu, nywele zinabaki ngumu hata upake nini. Tafuta ndoo moja ya maji ya bomba au ya mvua usuuzie mwisho.

zai_upanga
Naongezea tu, kwa wenye nywele za singa kama mimi ni kinyume chake, zikiwa zimelowa chapachapa ndo zinavutika na kukatika kirahisi, nasubiri zikauke nusu ndo napitisha chanuo. Msichanganye ushauri

mama_nasra
Asanteni sana jamani. Nilikuwa nachana kavu ili nizinyooshe kabla ya kuosha. Nimeenda kuziangalia zilizobaki kwenye chanuo, nyingine fupi fupi, ila nyingine ndefu na zina kitu cheupe mwishoni, ndo zinang'oka na mizizi??

msusi_sinza
Hapana usiogope, hizo ndefu zenye kajicho keupe zimemaliza muda wake zimedondoka zenyewe. Kichwa cha mtu mzima kinaachia kama nywele 50 mpaka 100 kwa siku, sasa ukisuka wiki nne zinabaki humohumo kwenye msuko, siku ya kufumua zote zinatoka pamoja unaona kama kichwa kimeisha. Zinazokatika ni hizo fupi zisizo na jicho, hizo ndo za kupigania. Ukibadilisha chanuo na ukaanza kuchana na kondishena angalia hizo fupi kama zinapungua. Brashi iache kwanza mpaka mafundo yaishe, na kitana cha mkia ni cha kugawia njia tu, usichanie.

mama_nasra
Sawa nimeelewa, kesho napita Kariakoo. Nanunua moja tutumie wote na binti?

bi_mkubwa_ilala
Nunua mawili mwanangu, yeye awe na lake. Mapunye yanahama kwa machanuo, na hata ukimpeleka saluni nenda na chanuo lake. Yaoshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, yale mafuta yanayoganda kwenye shina la meno yanakusanya vumbi na uchafu.