Vuga ya heller 7½ au seti ya N.F.? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Kipanga wa Tukuyu
Wakuu, salaam. Kuna jamaa anauza mkusanyiko wa marehemu babu yake, kaniambia nichague kimoja: stempu ya Vuga ya heller 7½ (heller ni hela ndogo ya Mjerumani), au seti ya Nyasaland, Malawi ya leo, yenye chapa ya N.F. (Nyasaland Force), zote tano. Bei ni ileile, na anataka jibu Jumamosi. Mimi nimezoea twiga wa Tanganyika wa 1922 kuja mbele, haya ya Vita vya Kwanza ni mageni kwangu. Nichukue ipi?

MzeeBahasha
Bei ileile ndiyo shilingi ngapi? Zina gundi? Picha ya nyuma iko wapi? Cheti cha wataalamu kwamba si bandia je? Hapo hujatuambia kitu bado.

BintiMikindani
N.F., funga mjadala. Ni stempu za Nyasaland za Mfalme George wa Tano, zikapigwa chapa ya juu, yaani herufi zilizoongezwa juu ya stempu iliyokwishachapwa, huko Zomba mwaka 1916 kwa ajili ya jeshi lililoingia kusini kwetu. Nusu peni, peni moja, peni 3, peni 4 na shilingi. Ukiwa nazo tano umemaliza, na zilisafirisha barua za kweli. Hiyo Vuga haikuwahi kufika kaunta ya posta.

Shume
Kutofika kaunta ndiyo utamu wenyewe, dada. Manowari za Mwingereza zimeziba bahari, stempu kutoka Ujerumani haziji, ikabidi kiwanda cha misheni pale Vuga, Usambara, kichape za dharura mwanzoni mwa 1916: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijaanza kutumika, meli Marie ikapenya na shehena, stempu zikiwemo. Za Vuga zikafukiwa ardhini Mwingereza asizikamate, zikafukuliwa 1921, nyingi zimeshaliwa na unyevu. Kitu kimechapwa milimani kwetu halafu nikiache kwa ajili ya N na F?

Nahodha_Tanga
Marie gani tena? Meli ya Mjerumani iliishia Manza, hapa jirani na Tanga. Wazee wanapaonyesha mpaka leo.

Shume
Hiyo ni Rubens, Aprili 1915. Marie ilitia nanga Sudi, upande wa Lindi, Machi 1916.

Nahodha_Tanga
Sawa, lakini mzigo wa Manza nao wapiga mbizi waliutoa. Msiidharau Tanga.

MzeeBahasha
Turudi kwenye stempu. Kipanga, picha!

Kipanga wa Tukuyu
Nimeziweka hapo juu. Gundi sioni, nyuma kuna madoa ya kahawia. Halafu Vuga ina muhuri wa posta, naona kama Daressalam. Jamaa anasema muhuri ndio unaoipandisha thamani.

BintiMikindani
Muhuri?? Stempu iliyofukiwa bila kutolewa imegongwa muhuri na nani?

MzeeBahasha
Madoa hayanitishi, kwa Vuga hayo ni ya kawaida. Gundi ikiwa nyeupe inang'aa ndipo ningeshtuka. Muhuri ndio unaonikosesha raha.

Sikieni yaliyonikuta. Waingereza walipoteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, stempu za Kijerumani walizozikuta ziligongwa neno MAFIA kwa mkono. Kazi ya mkono, kwa hiyo matapeli wameigeza tangu zamani. Nikapata moja kwa muuzaji wa ng'ambo, nikatoa hela ambayo mke wangu hadi leo anadhani ni ya bati. Ilipofika nikaweka lenzi. Wino wa neno MAFIA umepita juu ya muhuri wa posta, si chini yake. Na kwenye muhuri mwaka unasomeka vizuri kabisa: 1912. Yaani stempu ilikwishatumika barua, ikakaa, ndipo mtu akaja kuiandikia Mafia. Nikaipeleka London kwa wataalamu, nikalipia cheti, ikarudi na picha yake nzuri na sentensi moja kwamba chapa ya juu ni bandia. Muuzaji akasema niliinunua kama ilivyo.

Kipanga, chukua lenzi uangalie ule muhuri. Na kwenye N.F. tazama tarehe: muhuri wa kabla ya 1916 ukikaa chini ya herufi, achana nayo.

Rashid_Muscat
Ndiyo maana mie nipo kwenye sarafu. Za Mjerumani zilizotengenezwa Tabora 1916: heller 20, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Sarafu hailiwi na unyevu.

BintiMikindani
Na za dhahabu bandia zimejaa tele, sheikh.

WanjaWaNgara
Nyinyi mnampeleka mgeni kwenye kina kirefu. Aanze na Vita vya Pili. 1941 na 1942 stempu zilipopungua, zilichukuliwa za Afrika Kusini zikapigwa KENYA TANGANYIKA UGANDA: senti 5, 10, 20 na 70. Anunue jozi isiyokatwa, moja Kiingereza, nyingine Kiafrikaans. Halafu aingie kwenye za George wa Sita ahesabu meno ya pembeni, maana stempu ileile ilitobolewa kwa vipimo tofauti. Kuna senti 50 ya jahazi ambayo kamba haifiki kwenye tanga. Mimi naitafuta hadi macho yanauma.

Shume
Kwa tofauti za uchapaji, chapa ya juu ya G.E.A. (German East Africa) haijatajwa hata kidogo. Za 1917 zilipigwa chapa London, 1921 alama ya maji ndani ya karatasi ikabadilika, na 1922 senti 1 na senti 10 zikapigwa Dar yenyewe. Herufi hazifanani.

Kipanga wa Tukuyu
Jamaa kapiga simu sasa hivi. Kashusha bei ya Vuga. N.F. hajaigusa.

BintiMikindani
Kashusha ya Vuga peke yake? Aje aisemee hapa.

Shume
Muulize kama atakubali cheti kwanza, hela baadaye.

Nahodha_Tanga
Rashid, hiyo heller 20 unayo ya shaba nyekundu au ya manjano? Mimi nina mbili za manjano, T ya Tabora chini ya mwaka inaonekana vizuri. Nabadilisha moja.