Mrejesho: plasta ya kuzuia kutapika kwenye boti

Wakuu, niliuliza kama plasta ya skopolamini (dawa ya kichefuchefu inayopenya kwenye ngozi) inamsaidia mtu anayetapika kila akipanda boti ya Unguja kwenda Pemba. Kwangu imesaidia. Niliibandika nyuma ya sikio usiku wa kuamkia safari, maana inataka angalau saa 4 ndipo ifanye kazi. Moja hudumu hadi siku 3. Mkondo wa Nungwi uliturusha kama kawaida yake, jirani akaomba mfuko, mimi nala chapati! Ila mdomo ulikauka vibaya, na usingizi usiseme. Ukiishika nawa mikono: dawa ikiingia jichoni unaona ukungu. Mwenye presha ya macho amwone daktari kwanza, na watoto msiwabandike. Dada aliyenishauri tangawizi, nayo niliibeba.